Jiko Alilopimiwa Mariambai

Mariambai alikuwa na urefu wa futi nne na inchi kumi, na Roshanara hakuhitaji tepu kulijua hilo. Alikuwa amemtazama mgongo miaka kumi na moja. Alijua bega lake linafika wapi akisimama mbele ya meko, alijua anainua kisigino kipi akifuata kopo la binzari kwenye rafu ya juu. Alijua pia kwamba vidole gumba vyake vyote viwili vilianza kukakamaa tangu ana miaka hamsini, na sasa, akiwa na sabini na mmoja, haviwezi kufungua hata chupa ya achari. Mambo kama hayo mtu huyajua kwa mama yake mzazi, au kwa adui yake.

Kwa hiyo Riaz, mtoto wa pekee wa Mariambai, alipopiga simu mwezi wa Machi, Roshanara alikaa chini kwanza.

"Anti Roshan, tumeipata ile nyumba! Cabbagetown, hapahapa Toronto. Kijumba cha matofali mekundu, kina miaka mia na arobaini. Kizuri mno, lakini jiko lake ni kama kabati la viatu. Tunataka kubomoa nyuma tuongeze jiko jipya, la kisasa kabisa. Wewe ndiye utakayetuchorea."

Riaz alisema hayo kwa Kiingereza. Kiswahili cha nyumbani alikielewa chote, hadi matusi, ila kukitoa mdomoni hakutaka.

"Na mama yako?" Roshanara akamuuliza kwa Kiswahili.

"Mummy anahamia kwetu. Ndiyo maana tunataka jiko kubwa. Litakuwa lake, wewe unamjua."

"Namjua," Roshanara akasema.

Roshanara alifika Toronto mwaka 1985, bibi harusi wa miaka ishirini na miwili kutoka Mwanza, akapokelewa na mume wake Amirali kwenye ghorofa ya kumi na moja, Thorncliffe Park. Miaka miwili alipika apendavyo. Kisha dada mkubwa wa Amirali, ndiye Mariambai, akafiwa na mume huko Tanga, akaja na mtoto wa miezi mitano na masanduku matatu. Asubuhi iliyofuata Roshanara alipoamka alikuta vikombe vimehamishwa, viungo vimehamishwa, na wifi yake amejifunga aproni yake, yaani ya Roshanara, anapiga chapati.

"Wewe pumzika, wifi," Mariambai akamwambia. "Umechoka. Jikoni nipo mimi."

Tangu siku hiyo Roshanara akawa anaingia jikoni mwa nyumba yake kama mgeni anayetafuta maji ya kunywa. Akishika mwiko, unatolewa mkononi mwake kwa upole. Akionja mchuzi, kijiko kinaoshwa palepale, mbele ya macho yake. Hayo angeyasamehe. Wako wanawake wanaofanyiwa mabaya zaidi na wanaendelea kucheka kwenye harusi. Lakini kulikuwa na ile siku ya baba yake.

Mzee wake alikuja kumtembelea mara moja tu, mwaka 1991. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Mwanza, hakuwahi kupanda ndege, na alikusanya nauli miaka minne ili aje amwone binti yake. Kabla ya safari alisema anataka kitu kimoja: sato wa nazi, wa mkono wa Roshan, kama wa mama yake. Roshanara akatafuta sato wa barafu duka hadi duka. Siku ya mzee kufika akaamka kabla ya wote, akapika, akafunika, akaenda kuoga apate kuvaa vizuri.

Katika majumba yale marefu kuna shimo la taka ukutani, na kila ghorofa ina kijimlango chake cha bati. Roshanara alikuwa bado na taulo kichwani aliposikia kijimlango kikifunguliwa kule nje. Kisha akasikia sufuria aliyopewa na mama yake ikishuka, ghorofa kwa ghorofa, ikigonga huku na huku, zote kumi na moja.

"Nyumba ilikuwa inanuka shombo," Mariambai akasema, anarudi huku anajifuta mikono. "Na mgeni ndiyo anaingia."

Mezani pakawekwa biriani ya Mariambai. Naye akamwelekea yule mzee kwa heshima zote: "Mzee wangu, msamehe Roshan wetu. Bado hajajifunza. Lakini tunaye, tunamfundisha pole pole."

Baba yake akaweka tonge chini. Akawatazama wale wakwe zake mmoja mmoja, akawaomba radhi. Mtu mzima, mbele ya binti yake, akaomba radhi kwa kuwapa mwanamke asiyejua kupika. Amirali alikuwa anatazama sahani yake. Miezi minne baadaye mzee alifariki Mwanza, na aliondoka na habari hiyo.

Mwaka uliofuata Roshanara alianza masomo ya jioni ya uchoraji wa majumba. Kama jikoni siachiwi kupika, alijisemea, basi nitayajua majiko kuliko wanaopika humo. Akaajiriwa na karakana moja ya makabati, akakaa miaka, akafungua ofisi yake mwenyewe, wakahama Thorncliffe yeye na Amirali wakamwacha Mariambai na mwanawe. Akawa na jina. Alikuwa na desturi moja ambayo wateja waliisimulia: hachori mstari hata mmoja kabla hajamwona mwenye jiko akipika. Anaomba kiti, anakaa pembeni, anamtazama mtu akimenya viazi nusu saa nzima, haulizi kitu. Kisha anakwenda kumchorea jiko ambalo mtu huyo akiingia mara ya kwanza anadhani alizaliwa humo.

Kwa Mariambai hakuhitaji kiti wala nusu saa.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa haki. Roshanara mwenyewe alishangaa. Pengine mkono uliozoea kufanya kazi vizuri haukubali kuchafuliwa kwa amri. Aliweka meza ya kupikia ya chini, inchi thelathini na tatu, upande wa dirishani. Meko ya gesi, yenye swichi kubwa za kuzungusha. Droo zenye vishikio vya kutosha kiganja kizima. Mlango wa kufunga ili mafuta yakikaangwa harufu isiende vyumbani. Akautia kwenye mkoba, akaenda Cabbagetown Jumapili moja ya Aprili, theluji ya mwisho bado imeganda, nyeusi, kando ya njia.

Kijumba kilikuwa kizuri kweli. Paa lenye pembe kali, mbao za urembo ukingoni kama lesi ya gauni, madirisha marefu membamba. Nyuma kulikuwa na kibanda cha mbao kilichobandikwa miaka ya baadaye, na hilo ndilo lililoitwa jiko. Ndani walikuwapo Riaz, mkewe Alisha, wazazi wa Alisha, watu wa Nairobi, wapole, wamevalia kama wanakwenda ofisini, na Mariambai amekalia kiti pekee kilichokuwamo.

"Haya, fundi wetu kaja!" Mariambai akapiga kofi moja. "Jamani wakwe zangu, nyinyi hamjui kichekesho cha nyumba hii. Huyu wifi yangu, miaka yote niliyokaa naye, hajapata kukaanga yai likatoka zima. Leo ndiye anatuchorea jiko! Si sawa na kumpa kipofu akuchagulie rangi?"

Wazazi wa Alisha wakacheka kile kicheko cha watu waliokuja kwa watu. Riaz akasema, "Mummy, please," huku naye anacheka. Alisha hakucheka. Alikuwa anamtazama Roshanara.

Roshanara alihisi masikio yake yakipata moto. Si kwa maneno yenyewe, maana alishayasikia mara mia. Ni ile namna ya kuwaelekea wakwe, lile tabasamu la pembeni, sauti ileile iliyomwambia baba yake *tunamfundisha*. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeshika mchoro. Akauachia.

"Wewe unataka nini humo, wifi?" akauliza.

"Mimi? Mzee kama mimi nitake nini! Fanyeni mnavyotaka wenyewe. Mimi nipate pembe ya kupikia tu."

Hivyo ndivyo wanavyosema wanawake wa rika lake. Mbele ya mke wa mwanao huombi kitu, ukiomba umejishusha. Unasema hutaki chochote, kisha watu wanatakiwa wajue unachotaka. Roshanara alijua kimoja kimoja. Ila aliamua kuyachukua maneno kama yalivyosemwa.

"Nimekusikia," akasema, akafunga zipu ya mkoba.

Mchoro wa pili ulimchukua wiki sita, na hakuwahi kuchora kitu kwa raha kama ile. Alikuwa anaamka alfajiri bila saa. Amirali alimsikia akiimba.

Alianza na Alisha, kwa sababu Alisha ndiye atakayekuwa sababu ya kila kitu. Alisha alikuwa ameenda hewani, futi tano na inchi tisa. Basi meza zote zikawa inchi thelathini na tisa, kwa ajili ya mgongo wa Alisha. Rafu zikaanzia mahali ambapo mkono wa Mariambai unaishia. Droo hazikuwa na vishikio hata kimoja. Uso wake laini kama kioo, unasukuma kwa kidole gumba na yenyewe inajitokeza, safi, ya kisasa, magazeti yote yanazo. Na vidole gumba vya Mariambai ndivyo vile vilivyokakamaa. Mlango hakuna. Upande mzima wa bustani ni kioo, dari ina dirisha la angani, meza kubwa ya jiwe jeupe katikati, ili anayepika aonekane na kila mtu kutoka kila upande, kama mtu aliyepandishwa jukwaani.

Sheria za jiji nazo zikamsaidia. Nyumba za kale kama ile uso wake hauguswi, na ukisimama barabarani hutakiwi kuona hata ncha ya kitu kipya. Paa la jiko jipya ikabidi liwe chini ya lile la zamani, na sakafu ikashuka ngazi tatu. Magoti ya Mariambai yalikuwa yanahesabu ngazi. Hapo Roshanara alisita, penseli hewani. Akachora mkono wa chuma wa kushikia, imara, pande zote mbili. Hakutaka avunjike. Alitaka afike mzima, asimame wima, aone.

Mwisho akachora meko. Kioo cheusi kitupu, hakina swichi wala kitufe, unagusa tu kwa ncha ya kidole. Hayatoi moto. Yanafanya kazi kwa sumaku, yanapasha chombo cha chuma kilichowekwa juu yake, na chombo kikiwa cha aluminiamu hayakioni. Ni kama hujaweka kitu. Na Mariambai, tangu Tanga, hakuwahi kupikia chombo kingine zaidi ya masufuria yake manane ya aluminiamu, yanayoingiana moja ndani ya jingine, aliyoyabeba ndani ya yale masanduku matatu. Kwake chuma kilikuwa cha hospitali.

Asubuhi moja Amirali alipita na kikombe chake cha chai, akainama juu ya mchoro. Alikuwa mtu mwema, Amirali, ila hakuwahi kuchagua upande hata kwenye kriketi.

"Zuri," akasema. Akatazama tena. "Haya meko… dada atayawashaje?"

"Hatayawasha."

Amirali akakuna shingo. "Roshan. Amezeeka yule."

"Na mimi nilikuwa kijana. Chai yako inapoa."

Akaenda kuinywea sebuleni.

Riaz na Alisha waliupenda mchoro mpaka wakaukumbatia. Mariambai alioneshwa, akautazama kwa mbali, maana miwani hakuivaa mbele ya watu, akasema, "Kubwa, kweli kubwa," basi. Fundi mkuu, Pascal, Mkongo mmoja mwenye maneno mengi, alibomoa kibanda cha mbao mwezi wa Juni. Roshanara alikwenda kila wiki na tepu yake. Siku moja Pascal alimwambia, "Mama, hii meza si imepanda sana? Bibi anayekuja kukaa hapa nimemwona, ni mfupi. Tushushe kidogo?"

"Usishushe hata nukta."

"*D'accord*, mama. Wewe ndiye mkubwa." Lakini alimwangalia kwa jicho la pili, na kuanzia hapo hakufanya naye utani.

Kwa ukoo wao kulikuwa na desturi ya maziwa. Nyumba mpya haihesabiwi kuwa nyumba mpaka mwanamke mkubwa wa familia asimame jikoni, achemshe maziwa, na ayaache yafurike hadi yamwagike juu ya meko, watu wote wakitazama. Yakimwagika watu wanapiga makofi, na aliyeyachemsha ndiye anayejulikana kuwa mwenye jiko. Bibi yake Amirali aliyachemsha Tanga. Mariambai aliyachemsha Thorncliffe mwaka 1987, ingawa nyumba ilikuwa na miaka miwili tayari na Roshanara alikuwamo ndani yake.

Jumapili ya pili ya Novemba, saa nane mchana, watu ishirini na watatu walijaa katika lile jiko la kioo. Majani ya mwisho yalikuwa yanaanguka bustanini na yakaonekana kana kwamba yanaanguka ndani. Kila mtu alisifu. Kila mtu alisema Roshan, umetisha, Roshan, mikono yako. Roshanara alisimama karibu na kioo, amevaa gauni la kijani ambalo hakuwahi kulivaa, mikono ameikunja.

Mariambai alishuka zile ngazi tatu, ameshika chuma. Alikuwa amebeba sufuria ya kati, ya tatu katika zile nane, imesuguliwa hadi inang'aa. Watu wakampisha. Akafika kwenye meza, na meza ikamfika kifuani. Ilibidi ainue sufuria kwa mikono miwili, kama mtoto anayeweka kitu dukani kwenye kaunta. Akatia maziwa ndani, akatafuta swichi ya kuwashia, akapapasa ukingoni.

"Gusa pale, Mummy," Riaz akasema. "Hapo penye alama."

Akagusa. Hakuna. Akagusa tena kwa kidole gumba, kwa nguvu. Meko yakalia mlio mdogo, tii, tii, tii, namba ikawaka nyekundu, ikazimika. Akaisogeza sufuria kulia. Tii, tii, tii. Akaisogeza kushoto.

"Labda umeme," mtu akasema.

"Umeme upo, taa si hizo."

"Mummy, labda sufuria…"

"Sufuria ina nini?" Mariambai akageuka. "Sufuria hii imelisha harusi nne!"

Mtoto wa mtu akacheka, akafinywa. Mariambai alikuwa ameanza kuhema. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu aone kilichoandikwa kwenye kioo, akashindwa, na watu ishirini na wawili wakaona kwamba ameshindwa. Roshanara aliona shingo ile aliyoifahamu kuliko uso ikiingia mabegani. Alikuwa ameisubiri picha hii tangu mwaka 1991. Aliitazama bila kupepesa, kama mtu mwenye kiu anavyotazama maji yakijaa kwenye gilasi.

Kisha Alisha akasogea. Alitoa chombo cha chuma kutoka kwenye droo, droo ikajitokeza yenyewe kwa mguso mmoja, akahamisha maziwa, akaweka, akagusa. Dakika mbili hazikufika. Maziwa yakapanda, yakafura, yakamwagika juu ya kioo cheusi, meupe pe. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, zaidi kwa kushukuru kwamba imekwisha. Makofi yakiendelea, Alisha akapita karibu na Roshanara, akamshika kiwiko.

"Ahsante, Anti," akamnong'oneza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika, lakini kilichotosha. "Riaz alitaka mchoraji mwingine, rafiki yake. Mimi nikasema hapana, lazima Anti Roshan. Nilijua wewe utanisaidia."

"Kukusaidia nini?"

"Nipate jiko langu." Akatabasamu, akaenda kugawa mandazi.

Roshanara alibaki amesimama. Watu wote wale mle ndani, na ukimtoa Amirali na huyu Alisha, hakuna hata mmoja, hata yule mlengwa mwenyewe, aliyejua kwamba kilichotokea ni kazi yake. Binti wa miaka thelathini na tatu aliitafuta chuki yake, akaipata mahali ilipowekwa, akaitumia kama mtu anavyoazima nyundo kwa jirani. Hata ahsante alishatoa.

Alimkuta Mariambai chumba cha mbele, kile cha zamani, amekaa peke yake chini ya dirisha jembamba na sufuria tupu mapajani.

"Funga mlango," Mariambai akasema. "Umeona, wifi? Umeona nilivyofanywa? Mtoto wa juzi! Kapanga kila kitu. Lile limeza ni la majitu. Nimejaribu kufungua kabati nikaweke sufuria zangu, halina pa kushika. Kaniwekea meko ya kunidhihaki mbele za watu." Alikuwa analia, na machozi yalimkera, akawa anayafuta kama anafukuza nzi. "Wewe ulikaa na mimi miaka kumi na moja. Tuligombana, sawa. Lakini jambo kama hili hukunifanyia. Wewe una moyo. Huyu hana."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao Mariambai kumsifu. Roshanara angeweza kuketi. Angeweza kumshika mkono, akasema pole wifi, watoto wa siku hizi, na kuanzia siku hiyo wangekuwa wawili dhidi ya yule mrefu. Kiti kilikuwapo.

"Alisha hajui hata kupima dirisha," akasema, amesimama. "Ile meza nimeipima mimi. Inchi sita juu ya unapofika. Droo nimezichagua mimi, kwa ajili ya vidole gumba vyako. Rafu ni mimi. Ngazi ni mimi. Meko niliyatafuta wiki nzima, nikahakikisha hayapokei aluminiamu. Jiko lile halina msumari ambao sikukufikiria wewe nilipokuwa nauweka. Usimpe mtu mwingine kazi yangu."

Mariambai aliacha kufuta machozi. Kutoka nyuma walisikia watu wakicheka, vikombe vikigongana. Alimtazama Roshanara, na uso wake ukabadilika, haukuwa tena wa mama mkwe aliyeonewa.

"Kwa sababu ya baba yako," akasema.

"Alikufa akiamini sijui kupika."

"Nilikiona chakula chako siku ile. Nilikionja. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kuliko changu. Ungekiweka mezani, kesho yake mimi ningekuwa nani mle ndani? Mjane, na mtoto, na masanduku, kwenye nyumba ya watu. Mjane asipokuwa jikoni anakuwa wapi, hebu niambie, wewe msomi wa majiko? Anakaa kwenye kochi, anangoja aitwe kula." Hakuomba msamaha. Alisema kama anayemweleza mtu njia ya basi. "Niliweza kukutoa, nikakutoa. Leo umeweza. Umenitoa vizuri."

Roshanara alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa wifi yake kujifanya hakumbuki. Hilo la kusikia *kilikuwa kizuri*, baada ya miaka yote hiyo, na mzee yuko kaburini Mwanza hawezi kuambiwa, lilimchoma kuliko sufuria yenyewe. Akataka kulipiza upya, palepale, kutoka mwanzo.

Mariambai alikuwa ameshasimama. Akaweka sufuria kwapani, akajipangusa uso kwa ncha ya shali, akafungua mlango.

"Amirali!" akaita, kwa sauti ya dada mkubwa. "Amirali, njoo hapa."

Amirali akaja, ana andazi mkononi.

"Kijana wangu na mkewe wana jiko lao, waache wapike. Mimi sikai hapa. Nyumba yako ina chumba kile cha nyuma, na ina meko ya gesi. Nakuja kwako."

Amirali akamtazama mkewe. Akamtazama dada yake. Andazi likabaki nusu ya njia. "Dada," akasema, "kwangu ni kwako."

Ilikuwa mara ya kwanza Roshanara kumwona akichagua upande.

Mariambai alikuja Jumatano, na Riaz aliyembebea masanduku hakutaka kumtazama mtu usoni. Roshanara hakwenda mlangoni kumpokea. Tangu asubuhi alikuwa jikoni kwake, amewasha meko yote manne, na juu ya kila moja kitu kinachemka: wali, dengu, mchuzi, na sato wa nazi kwenye sufuria pana, nyumba nzima inanuka shombo na nazi hadi barazani. Alichomoa kiti kimoja, akakiweka mbali na meko, kando ya ukuta.

Mariambai akaingia na koti bado mwilini. Akaona meko, akaona kiti, akaelewa. Akaketi. Akaweka mikono mapajani. Dakika zikapita, mvuke ukapanda, mfuniko ukacheza. Alivumilia, kisha akashindwa.

"Wifi," akasema, "moto huo mkubwa. Nazi itakatika."

Roshanara akanyoosha mkono, akauongeza.